MAONI: Mnenguaji apakwe rangi, ngozi yake iachwe

Hapa Lubumbashi neno makiyaje lina maana mbili. Ya kwanza ni poda, wanja na rangi ya mdomo, vitu ambavyo mchezaji hupaka kabla ya kupanda jukwaani na kuviosha kabla ya kulala. Ya pili ni krimu na sabuni za kuichubua ngozi iwe nyeupe, na hizo hazitoki kwa maji. Kwa wasichana wanaocheza ngoma za kiuno katika mji huu, maana hizo mbili zimekaribiana mno. Wenye vikundi, wapangaji wa sherehe na sisi watazamaji tuna wajibu wa kuzitenganisha.

Mji wetu haukujifunza ngoma ya kiuno jana. Mutuashi ya Waluba wa Kasai imechezwa hapa tangu wazee walipokuja kufanya kazi za shaba. Tshala Muana, aliyeipeleka mutuashi kwenye majukwaa ya dunia, alizaliwa hapa mwaka 1958, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alipofariki Desemba 2022, aliliwa na nchi nzima. Siku hizi vijana wanajifunza pia kwenye simu ngoma ya tumbo ya Misri, ambayo watu wa pwani ya Kenya wangeifananisha na chakacha yao. Ngoma hizi hazifanani asili, lakini jukwaani zina jambo moja: mavazi mara nyingi huacha tumbo, mabega na mikono wazi.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mwimbaji aliyevaa gauni refu akipaka uso rangi nyeupe kuliko shingo yake, kosa linaonekana sehemu ndogo tu. Mchezaji wa ngoma ya tumbo hana pa kulificha. Taa zikiwaka, uso unakuwa wa mtu mmoja na tumbo la mtu mwingine. Njia ya kurekebisha ni mbili tu. Ama achague rangi ya uso inayolingana na tumbo lake, ama alifanye tumbo lifuate uso. Anayeambiwa kila mara kwamba weupe ndio unaoitwa kwenye harusi na kwenye video, ataichagua njia ya pili. Krimu itashuka shingoni, kifuani, tumboni, mpaka miguuni.

Tujue basi anachojipaka. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki huharibu figo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya bluu yasiyofutika, yaani kinyume kabisa cha kile mtu alichokitafuta. Nyingine zina dawa za steroidi, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi na huchelewesha kidonda kupona. Kwa mtu anayekula kwa mwili wake, huko ni kuchoma shamba ili kupata mkaa.

Majirani wameliona hilo. Rwanda ilianza msako wa krimu hizo madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Biashara ikivuka mpaka, hatari nayo inavuka.

Wapo watakaosema: jukwaa linadai mwangaza, na ngozi nyeusi haionekani usiku. Si kweli. Kisichoonekana usiku ni uso usiopakwa vizuri, uwe mweusi au mweupe. Taa kali hufuta nyusi, macho na midomo ya mtu yeyote. Ndiyo maana mchezaji huchora jicho kwa wanja mzito kuliko wa mchana, huongeza kope za bandia, hukoleza nyusi na kuweka kivuli chini ya mfupa wa shavu, ili mtu aliyekaa kiti cha nyuma aone kama anacheka au analia. Kazi hiyo hufanywa na mistari na vivuli. Weupe hauna sehemu ndani yake.

Mara nyingi hata lawama inayotupiwa ngozi ni ya taa. Taa ya kijani humfanya mtu mweusi aonekane kama amepakwa majivu, na taa nyekundu hula rangi nyekundu ya mdomo. Taa ya njano iliyokolea huipasha ngozi ya kahawia ikang'aa. Poda nyeupe juu ya ngozi nyeusi, mwanga wa kamera ukipiga, hutoa kijivu. Fundi wa taa na mpaka rangi wakizungumza dakika kumi kabla ya onyesho, watamsaidia msichana huyo kuliko kopo lolote la krimu.

Kuna pia hoja ya soko: rangi za uso za weusi wetu hazipatikani kirahisi, na zikipatikana ni ghali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini si sisi wa kwanza kupambana nayo. Marekani, wanamitindo weusi wa maonyesho ya Ebony Fashion Fair walikuwa wakichanganya rangi wenyewe ili wapate inayowafaa, na kutokana na hilo Eunice Johnson alianzisha kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair mwaka 1973. Waliibadilisha rangi ifuate ngozi. Kikundi cha hapa kinaweza kununua rangi mbili au tatu nyeusi kwa pamoja, na kila mchezaji akachanganyiwa yake, ikajaribiwa tumboni na si mkononi.

Na tusidai kwamba kujipaka ni jambo la kuletwa. Waluba wana pemba, udongo mweupe wanaojipaka katika ibada na ngoma. Ni mweupe kabisa, lakini hakuna aliyejipaka pemba ili aonekane kazaliwa mweupe. Shughuli ikiisha, pemba inaoshwa, mtu anarudi na ngozi aliyopewa na mama yake.

Kwa hiyo nasema wazi. Mkuu wa kikundi asimchague mchezaji kwa weupe wake, na asimpunguzie malipo kwa weusi wake. Mpaka rangi alipwe kama fundi mwingine, na gharama ya rangi iwe ya kikundi badala ya kutoka mfukoni mwa msichana. Kila mchezaji awe na sponji na brashi yake ya kope, kwa sababu brashi moja ikipita macho kumi hubeba ugonjwa wa macho. Wanja ununuliwe kwa muuzaji anayejulikana, maana kuna wanja wenye madini ya risasi.

Wabunge wetu wa mkoa nao wana la kufanya. Wanakutana katika Jengo la 30 Juin, ambalo lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa maigizo. Mahali palipojengwa kwa ajili ya wasanii, si vibaya siku moja pazungumzwe afya ya ngozi zao, na makopo yanayouzwa sokoni bila maandishi ya kilichomo.

Lakini wa kwanza ni sisi tunaolipa kiingilio na kutupa noti jukwaani. Tukimpigia makofi anayejua kucheza, wasichana watajifunza kucheza. Tukimpigia makofi aliyejichubua, tujiandae kuchangishana hela za hospitali.