NYUMBA NA RIZIKI: Sare ya Askari na Chungu cha Walukuba

Mke wa askari afuapo gwanda la mumewe, iwe katika kambi ya Gaddafi mjini Jinja au ya Bugema huko Mbale, ni nadra kuwaza ni nani aliyekifuma kitambaa kile. Hata hivyo, yapo majiko katika mtaa wa Walukuba ambayo moto wake hutegemea gwanda hilo hilo. Kiwanda cha Nyanza Textile, ambacho wengi hukiita NYTIL, kilianzishwa Jinja mwaka 1949, na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ukawa ndio uhai wa mashine zake. Sasa kimo mikononi mwa kampuni ya Southern Range Nyanza, na sare za majeshi ni sehemu ya kazi yake.

Sare hizo ni msaada wa Serikali kwa mfanyakazi wa kiwandani, ijapokuwa haziitwi hivyo. Sera ya mwaka 2014 ya kununua bidhaa za Uganda, ijulikanayo kama BUBU, ilikusudia jambo hilo hasa. Shati la raia halina kinga ya namna hiyo. Hilo hukutana sokoni na mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba, na vitambaa vipya vya bei nafuu kutoka Asia. Mama mwenye watoto watano haulizi shati limeshonwa wapi. Huuliza bei, wala hastahili kulaumiwa.

Mbale nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, African Textile Mill, na mashine zake zilikuja kunyamaza. Si haki kuitwika mitumba lawama yote ya kuanguka kwa viwanda vya nguo nchini. Waasia, waliokuwa na viwanda vingi, walifukuzwa mwaka 1972. Vipuri vikawa haba. Na pamba, iliyopata kuzidi marobota 400,000 kwa mwaka karibu na mwaka 1970, ikaporomoka vibaya. Nguo za nje ziliikuta nyumba ambayo kuta zake zilikwisha kupasuka.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu ya ushuru ya AGOA. Uganda na jirani zake wengine walirudi nyuma. Tarehe 25 Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni, akifungua viwanda katika eneo la Sino-Uganda huko Mbale, alitangaza vita dhidi ya mitumba, lakini mwaka ule uliisha bila ya marufuku. Ajabu ni kwamba Marekani hiyo hiyo ilikuwa na mpango, tangu mwaka 1962, wa kumlipia mafunzo na posho mfanyakazi wake aliyepokonywa kazi na bidhaa za kigeni. Mpango huo uliacha kupokea maombi mapya katikati ya mwaka 2022.

Uganda haina posho ya asiye na kazi. Kwa hiyo barua ya kupunguzwa kazi ifikapo nyumbani, isomwe na mume na mke pamoja, taratibu, kabla ya kutiwa sahihi yoyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa aliyetumika mwaka mmoja hadi mitano notisi ya mwezi mmoja. Mitano hadi kumi, miezi miwili. Kumi na zaidi, miezi mitatu. Mwajiri anayekusudia kuwapunguza watu 10 au zaidi katika muda wa miezi mitatu hana budi kumwarifu Kamishna wa Kazi, na chama cha wafanyakazi kikiwapo. Penye shaka, Afisa wa Kazi wa wilaya ndiye wa kuendewa.

Kisha kuna akiba ya NSSF, ambayo mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10. Hapa ndipo penye uchungu. Mwenye miaka 50 aliyekaa mwaka mzima bila ajira aweza kuichukua. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyeweka akiba kwa miaka 10 aweza kupata hadi asilimia 20. Mfumaji wa miaka 32, mwenye watoto shuleni, huitazama tu fedha yake. Lakini akiandikishwa jeshini au polisi, ambako pensheni ni ya Serikali, ana njia ya kuidai.

Kwa wengine ipo mikopo ya Emyooga, iliyoanzishwa mwaka 2019, ambayo ina vikundi vya mafundi cherehani na vya askari wastaafu pia. Ni mkopo, si zawadi. Cherehani moja iliyokwisha kuwamo nyumbani huurudisha mapema kuliko duka la kubahatisha.

Mara nyingi shemeji aliyepunguzwa hufikia kambini, kwa dada yake, na mfuko mmoja wa nguo. Dada na amwulize kwanza, kabla ya chai, kama amekuja na barua ya notisi, namba yake ya NSSF na hati ya utumishi. Kama hakuja nazo, nauli ya kurudi Jinja kesho yake haitakuwa imepotea bure, maana lango la kiwanda likishafungwa hata mlinzi wa kumwuliza hapatikani.