Michezo Kumi, Taji Moja

Vijana wetu hupenda kubishana: ni nani aliye hodari kuliko wote, mwenye kukimbia, mwenye kuruka, au mwenye kutupa? Swali hilo si jepesi. Mwenye mbio huenda akashindwa kulisukuma tufe zito, na mwenye mikono ya chuma huenda akaachwa mbali katika mbio ndefu. Ndiyo sababu wakuu wa michezo waliweka shindano moja liyaunganishalo yote, nalo huitwa dekatloni, maana yake michezo kumi. Juma hili twataka kulieleza, kwa kuwa wengi hulitazama bila kufahamu jinsi mshindi anavyopatikana.

Shindano lachukua siku mbili, na utaratibu wake haubadiliki. Siku ya kwanza wanaume hukimbia meta 100, kisha huruka mbali, husukuma tufe la kilo 7 na gramu 260, huruka juu, na jioni hukimbia meta 400. Siku ya pili huamka na maumivu ya jana, nao huanza kwa kuruka viunzi kumi katika mbio za meta 110. Kisha hutupa kisahani cha kilo 2, huruka kwa upondo, yaani mti mrefu mfano wa ule wa wapiga mitumbwi, hutupa mkuki, na mwisho kabisa hukimbia meta 1500. Katika kuruka mbali na katika kutupa, kila mtu hupewa nafasi tatu tu. Akizikosa zote tatu, mchezo ule humpa sifuri, lakini aweza kuendelea. Bali asiyejaribu kabisa mchezo mmoja huhesabiwa kwamba ameacha shindano lote.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Sekunde na meta zitajumlishwaje pamoja? Haiwezekani kujumlisha ndizi na mbuzi, isipokuwa vyote viwili vimetiwa bei. Basi kuna jedwali ambalo hulitia kila tendo bei yake kwa alama. Kwa jedwali lililoanza kutumika mwaka 1985, mtu akikimbia meta 100 kwa sekunde 11 kamili hupata alama 861. Akipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde hupata 883. Tufe likifika meta 14 hupewa alama 728, na likifika meta 15 hupewa 790. Katika mbio za meta 1500, dakika 4 na sekunde 40 ni alama 680. Dakika 4 na nusu ni 745. Kwa hiyo hakuna anayeangalia nani alitangulia mbele ya nani. Kila mtu hupimwa kwa saa na kwa kamba, kisha alama zake kumi hujumlishwa, na mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Mfano ulio bora kuliko yote twaupata mjini Roma, katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960. Rafer Johnson, Mmarekani mweusi, alishindana na Yang Chuan-kwang, mtu wa kisiwa cha Taiwan. Wawili hawa walikuwa marafiki. Walisoma katika chuo kikuu kimoja cha California, na mwalimu wao wa michezo alikuwa mmoja, jina lake Ducky Drake. Katika michezo kumi, Yang alimshinda Johnson mara saba! Johnson alimshinda Yang mara tatu tu, katika tufe, kisahani na mkuki. Lakini tazameni vipimo. Tufe la Johnson lilikwenda meta 15.82, la Yang meta 13.33. Kisahani cha Johnson kilifika meta 48.49, cha Yang hakikufika meta 40. Yang alikuwa akishinda kwa kidogo kidogo. Johnson aliposhinda katika tufe na kisahani, alishinda kwa mbali sana.

Usiku wa siku ya pili, mbio za mwisho zilipokaribia, Johnson alikuwa mbele kwa alama 67. Ikiwa Yang angemwacha kwa sekunde kumi hivi katika meta 1500, taji lingekuwa lake. Mwalimu Drake aliwashauri wote wawili bila upendeleo. Yang aliambiwa akimbie mbele na kumwacha mwenzake. Johnson aliambiwa asimwachie nafasi, amfuate kama kivuli. Nao walifanya hivyo. Yang alijitahidi kila mzunguko, na kila alipoongeza mwendo alisikia nyayo nyuma yake. Alimaliza kwa dakika 4, sekunde 48 na sehemu 5. Johnson alifika sekunde 1 na sehemu 2 nyuma yake, naye hakuwa amewahi kuzikimbia mbio hizo kwa upesi kama siku ile. Jumla ya Johnson ikawa 8392, ya Yang 8334. Baada ya mstari wa mwisho, wawili hao waliegemeana kwa uchovu.

Twaweza kuuliza: je, ni haki aliyeshinda mara saba ashindwe? Twajibu kwamba ni haki, kwa sababu sheria ilijulikana na wote tangu mwanzo. Hata hivyo tusisahau kwamba jedwali ni kazi ya wanadamu, nalo hubadilika. Mwaka 1963 Yang alipata alama 9121, akawa mtu wa kwanza kupita elfu tisa. Mwaka uliofuata jedwali jipya lilianza kutumika, na kazi yake ile ile ikashuka hadi elfu nane na kidogo. Huko Tokyo, mwaka 1964, alikuwa wa tano. Miguu na mikono yake haikubadilishwa na karatasi, bali bei ya kazi yake ilibadilishwa.

Wanawake nao wana shindano lao la michezo saba kwa siku mbili, ambalo liliingia katika Olimpiki mwaka 1984. Nafissatou Thiam, binti wa Ubelgiji ambaye baba yake ni Msenegali, alilishinda Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024.

Na tena kuna fundisho la uvumilivu. Mwezi wa nane wa mwaka 2018, mjini Berlin, Mfaransa Kevin Mayer alizikosa nafasi zote tatu za kuruka mbali, na tumaini lake la ushindi likaisha papo hapo. Mwezi mmoja baadaye, mjini Talence katika Ufaransa, alipata alama 9126, ambazo hakuna mtu aliyekuwa amezifikia kabla yake.

Enyi wazazi na waalimu, shindano hili laweza kutusaidia katika kuwatazama watoto wetu. Tumezoea kumsifu yule anayetangulia katika jambo moja, na yule anayekuwa wa pili au wa tatu katika mambo yote hatumwoni. Shuleni mwaweza kujaribu: mbio fupi, kuruka mbali, kutupa jiwe, na mbio ndefu. Wekeni bei ya kila kipimo, iandikeni ubaoni kabla ya kuanza, wala msiibadilishe katikati. Mwishoni jumlisheni. Huenda jina litakalokuwa juu ni la mtoto ambaye hakuna aliyemtaja asubuhi.

Lakini kumbukeni sharti moja: bei na iandikwe mapema, kila mtoto aisome. Mtoto huvumilia kushindwa. Asichovumilia ni kupimwa kwa kipimo kilichofichwa.