Tembo ni tembo, Mchungaji

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja wa hapa Goma, ambaye simtaji kwa sababu mama mkwe wangu ni mshirika wa kanisa lake, alipanda madhabahuni na simu mkononi. Alikuwa ametoka Johannesburg wiki hiyo. Akatuonyesha picha ya simba aliyelala chini ya mti, akasema: "Baba aliyebarikiwa hupeleka watoto wake Afrika Kusini, wakaone kazi ya Mungu kwa macho yao." Kanisa zima likaitika amina. Mke wangu naye akaitika. Kisha kapu likapita: mwezi wa saba mhubiri anarudi kule, mara hii na mama na watoto, kwa vakansi, na waamini tunaombwa kumsindikiza kwa chochote.

Mimi sikuitika. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, na dirishani palionekana volkano ya Nyiragongo.

Imani hii, kwamba wanyama wa kutazamwa wako Afrika Kusini, haikuanzia madhabahuni. Goma nzima inaiamini. Mfanyabiashara wa Birere akipata faida, shemeji akirudi kutoka Ubelgiji na yuro mfukoni, ndoto ni ileile: parke ya Kruger, gari lisilo na paa, kofia pana, watoto wakielekeza kidole kwa twiga. Muulize parke yake mwenyewe ameiona lini. Atakutazama kama mtu uliyemuuliza deni la zamani. Kwake yeye Virunga ni mahali yanakotoka makala, na sisemi makala ya kusoma kama haya. Nasema yale ya gunia, yanayoshuka kwa chukudu na kuishia chini ya sufuria ya maharagwe.

Tuanze na adabu, kwa kuwa tumelelewa. Kwetu mtu akiingia uani huanza kwa kumsalimia mkubwa. Parke yetu ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Kruger ilitangazwa 1926. Mchungaji amemruka mkubwa aliyeketi mlangoni, akakimbia zaidi ya kilomita 2,500 kwenda kumsalimia mdogo. Na kama anachotaka ni kusema tu kwamba amefika kusini mwa Afrika, basi asome karatasi za serikali: Kongo ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 1997. Kwa karatasi hizo, Rumangabo, makao ya parke yetu, ni kusini. Kibati ni kusini. Hata soko la Kituku na sambaza zake ni kusini.

Hebu tupange hiyo safari yake ya familia, maana yeye ametupangia mchango tu. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, kwa hiyo ataanzia bariera, avuke kwenda Gisenyi, kisha Kigali, kisha ndege. Kabla ya hapo kuna viza. Viza inataka karatasi ya benki, katika mji ambao benki zilifunga milango mwezi uleule. Kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto: mwaka 2015 Afrika Kusini iliamua kudai cheti chenye majina ya baba na mama wote wawili. Sasa mweleze ofisa wa viza kwamba mtoto wa pili alizaliwa njiani tukikimbia, na kwamba nyumba iliyokuwa na karatasi za ukoo iko chini ya lava tangu Januari 2002.

Mwaka 2020 tembo wapatao 580 walivuka kutoka parke ya Queen Elizabeth ya Uganda wakaingia Virunga. Mia tano na themanini! Hawakuonyesha pasi wala jetoni ya mpakani. Hawakuombewa kanisani, wala kapu halikupita. Walikuja kwa miguu, mama na watoto, kama familia inavyosafiri. Hawakuuliza kama huku ni Afrika Kusini. Walitafuta majani wakayapata. Tembo ni tembo, Mchungaji.

Najua ninachosema kwa sababu nimekiona, tena bure. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka 9. Baba yangu alikuwa akifuata maharagwe Kanyabayonga na vitunguu Lubero, na wakati wa vakansi alinipandisha juu ya lori. Barabara ya Butembo inapita katikati ya parke. Kila muuza vitunguu wa enzi hizo alikuwa mtalii bila kujua. Tulipoingia uwanda wa Rwindi, lori likasimama. Tembo jike alikuwa barabarani na mtoto wake. Dereva akazima moto. Mama mmoja aliyekuwa na mbuzi akamshika mbuzi mdomo. Tulikaa hivyo muda mrefu, watu ishirini na kitu juu ya magunia, hakuna aliyekohoa. Tembo alipoondoka baba akasema, "Tumepita kwa watu, salimieni," na abiria wote wakasema "jambo" kwa sauti moja, kuelekea porini. Hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyekuwa na kofia pana. Tangu siku hiyo sijawahi kuambiwa na mtu kwamba tembo wa kweli yuko kwingine nikanyamaza.

Baada ya ibada, mezani, shemeji yangu alijaribu kumtetea mhubiri. Hoja yake ya kwanza, naapa, ilikuwa malaria. Eti Afrika Kusini kuna mbuga zisizo na malaria, kama Pilanesberg na Madikwe, nzuri kwa watoto. Shemeji huyu ameugua malaria mara nyingi kuliko alivyopokea mshahara. Watoto wake wanalala na mbu kama ndugu wa tumbo moja. Leo anamwogopa mbu wa likizo! Na Kruger yenyewe, anayoiota usiku, iko ndani ya ukanda wa malaria. Nikamwambia ale bugali.

Hoja ya pili ndiyo inayonichosha zaidi: "Virunga ni parke ya wazungu." Sikatai, iliitwa Parke Albert kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, na wazee wetu hawakuulizwa neno. Lakini Kruger alikuwa nani? Malaika? Alikuwa rais wa Makaburu. Watu wa Makuleke walifukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1969 ili parke hiyo ipanuke, wakarudishiwa haki yao 1998. Kwa hiyo mhubiri anamkimbia mfalme wa Wabelgiji kwenda kupumzika kwa rais wa Makaburu, na nauli tunachanga sisi. Wakati huohuo walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda parke hii ya "wazungu". Nenda kwenye matanga yao ukasikilize lugha za wanaolia.

Na gorila je? Gorila wa milimani hayupo Kruger, hayupo Botswana, hayupo Namibia. Hayupo hata katika bustani ya wanyama yoyote duniani. Hesabu iliyotangazwa 2019 ilikuta 1,063, wote katika milima hii tunayogawana na Rwanda na Uganda, na katika msitu wa Bwindi. Majirani zetu wa Rwanda tangu 2017 wanamtoza mgeni dola 1,500 kwa saa moja ya kumtazama tu, na wageni wanalipa. Mtalii wa Johannesburg anapanda ndege kuja kwenye milima hii, Mchungaji anapanda ndege kwenda kwake, wanapishana angani. Okapi naye hana msitu mwingine duniani ila wa Kongo; sisi tunamjua kwa jina la redio tu, kila asubuhi, kati ya habari za vita na matangazo ya vifo.

Mtasema: vita. Vita msinifundishe, Januari 2025 nililala chini ya meza na watoto wangu watatu kama ninyi. Lakini imani hii haikuletwa na vita. Parke ilipofunguliwa tena Februari 2019, kabla korona haijaifunga mwaka uliofuata, tulikuwa na vakansi ya Pasaka, ya mwezi wa saba, ya Noeli. Katika mtaa wetu sikumwona baba hata mmoja aliyewapeleka watoto wake. Fedha zilikuwapo: mwaka huohuo nilichangia harusi kumi na moja, na katika moja yao keki ilikuwa na ghorofa sita na maharusi walipanda ngazi kuikata. Fedha za kuipandia keki ngazi tunazo. Za kwenda Rumangabo, kilomita kama 45, hatuna.

Miaka ya 1970 parke yetu ilikuwa na viboko karibu 30,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Waliuawa na wenye bunduki, wakaliwa na kuuzwa vipande. Ni madhabahu gani iliyopaza sauti? Hatukuwalilia kwa sababu tulikwisha kuamini kwamba kiboko wa Rutshuru si kiboko kamili, ni nyama tu inayosubiri chumvi, na kwamba mnyama wa Mungu, wa kupigwa picha na kuhubiriwa, anaishi Afrika Kusini.

Jumapili hii kapu litapita tena, nami nimekwisha kuandaa sadaka. Nimeandika kwa mkono wangu tiketi ya basi la Butembo, viti vitano, jina la Mchungaji, mama na watoto, kituo cha kushukia Rwindi. Tarehe nimeiacha wazi, mpaka barabara ifunguke. Nauli nitalipa mimi.