Wenye magari tuache kuuza masega

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu ununuzi wa magari, hasa kwa sisi wafanyakazi wa kipato cha kawaida ambao tungependa kuwa na gari lisiloharibu sana mazingira.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Njombe. Kutoka shuleni kwetu hadi mjini ni kilometa 45, na sehemu kubwa ya barabara ni ya vumbi. Nimeweka akiba kwa miaka sita katika chama chetu cha akiba na mikopo, na mwaka huu nikapata mkopo wa kununulia gari lililotumika. Kwa kuwa kila siku nawafundisha watoto kutunza mazingira, niliona si vizuri kununua gari litakalonisuta mbele yao.

Kwanza nililifikiria gari la umeme. Nchi yetu sasa ina Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo gari la namna hiyo lingetumia nguvu zetu wenyewe badala ya mafuta ya kuagiza. Lakini kijijini kwetu umeme hukatika mara kwa mara, na fundi wa betri zake yuko mbali. Gari la gesi asilia nalo ni zuri, ila vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam. Basi nikabaki na petroli, na swali likawa ni gari gani la petroli lenye madhara madogo.

Hesabu yake ni ya darasani tu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Safari yangu ya mjini, kwenda na kurudi, ni kilometa 90. Gari linalokwenda kilometa 9 kwa lita litakunywa lita 10, na linalokwenda kilometa 15 kwa lita litakunywa lita 6. Nikienda mara moja kwa juma, kwa majuma 50 nitaokoa lita 200, yaani kilo 460 za hewa ya ukaa. Hizo lita 200 pia ni fedha za kusomeshea mtoto. Kwa hiyo niliamua kutafuta gari dogo, nikawaacha wenzangu wanicheke kwamba mwalimu mzima nanunua gari la kike.

Ndugu Mhariri, kilichonishangaza nilikikuta mjini. Gari dogo la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa na bei nzuri, lakini moshi wake ulichoma macho. Nilipouliza, muuzaji akajibu kwa fahari kwamba masega yametolewa ili gari "lipumue". La pili nalo lilikuwa hivyo hivyo. La tatu ndilo lilikuwa na masega yake, nikalinunua ingawa bei yake ilizidi. Hata mwezi haujaisha, fundi mmoja akaniambia niyatoe, aweke bomba tupu, na yeye anipe fedha ambazo zingelipa marejesho ya mkopo wangu ya miezi miwili. Sikatai kwamba nilitamani. Nililala na jambo hilo siku mbili.

Wasomaji wasiojua, masega ni kile kifaa kilichomo katika bomba la moshi, chenye vitundu kama sega la nyuki. Ndani yake mna madini ya thamani, yaani platini, paladi na rodi, na ndiyo sababu yana wanunuzi. Kazi yake ni kugeuza sumu zitokazo katika injini kabla hazijatoka nje. Hayapunguzi hewa ya ukaa, lakini bila hayo ile hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, na mafuta ambayo hayakuungua, hutoka jinsi yalivyo.

Zamani petroli ilikuwa na risasi, nayo risasi huyaharibu masega. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa hiyo hatuna kisingizio tena.

Tunapenda kulalamika kwamba nchi tajiri zimefanya Afrika jaa la magari yao. Lalamiko hilo lina ukweli. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Lakini hebu tujiulize, gari lililofika bandarini na masega yake, likang'olewa masega hapa hapa na mikono yetu, tumlaumu nani?

Naomba mambo mawili. Kwanza, mnunuzi asiangalie rangi na redio tu, bali ainame chini ya gari pamoja na fundi anayemwamini, na gari lisilo na masega alikatae. Tukiyakataa wote, wauzaji watajifunza. Pili, tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wanaokagua magari yetu wautilie moshi uzito uleule wa breki na taa, na biashara ya masega ifuatiliwe.

Mimi fundi yule nilimjibu hapana, na mkopo nitaulipa polepole. Kila asubuhi watoto wa darasa la kwanza hutembea kandokando ya barabara ile ile ninayopita na gari langu. Ukiwatazama walivyo wadogo, utaona kwamba pua zao zinakaribiana na bomba la moshi kuliko pua zetu sisi tulioketi ndani.



Mwalimu wa Kijijini,
Njombe.