Elimu ya Nafsi Isiishie Darasani

Kila mwaka vyuo vyetu vikuu huwavika majoho vijana waliosoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu. Wazazi hushangilia, nasi twawapongeza. Lakini shangwe zikishatulia, kijana hurudi nyumbani na swali ambalo wengi hawakuulizwa muda wote wa masomo: elimu hii utaifanyia kazi gani, na wapi? Kwa maoni yetu swali hilo halina budi kuulizwa mapema, tena liulizwe na wale wanaofundisha, kabla halijaulizwa na mwajiri mlangoni pa ofisi.

Jambo la kwanza linalotakiwa ni kusema kweli. Wapo vijana wanaoingia katika masomo haya wakidhani kwamba watakapotoka watakuwa waganga wa maradhi ya akili. Sivyo. Huko Marekani, ambako zaidi ya watu laki moja hupata shahada ya kwanza ya saikolojia kila mwaka, anayetaka leseni ya mwanasaikolojia kwa kawaida hana budi kusoma hadi shahada ya uzamivu. Majirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, ili kazi hiyo ifanywe na walioandikishwa. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha saikolojia ya tiba katika shahada ya pili. Basi shahada ya kwanza ni msingi wa nyumba. Kijana aambiwe hivyo siku ya kwanza ya masomo, ili achague njia yake akiwa macho.

Je, msingi huo hauna faida pasipo nyumba? Hasha! Aliyesomeshwa vema elimu ya nafsi amejifunza kuhoji watu pasipo kuwatia maneno kinywani, kupanga uchunguzi, kusoma hesabu za takwimu, kutunza siri za watu, na kutambua jinsi binadamu anavyojifunza, anavyosahau, anavyochoka na anavyofuata mkumbo. Mambo hayo yanahitajiwa viwandani, mashuleni, mahakamani, katika ofisi za ustawi wa jamii na katika usalama barabarani.

Wafanyakazi watatuelewa upesi tukiwakumbusha habari moja. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Wakubwa wa viwanda waliamini kwamba kadiri mtu anavyokaa saa nyingi kwenye mashine ndivyo kazi inavyozidi kutoka. Wachunguzi walipima saa, uchovu na idadi ya vitu vilivyotengenezwa, wakaona kwamba saa zilizopita kiasi zilipopunguzwa, mazao hayakuanguka. Mahali pengine yalizidi. Malalamiko ya mfanyakazi kuhusu uchovu, ambayo bwana mkubwa aliyaita uvivu, yalithibitishwa kwa hesabu. Hiyo ndiyo elimu ya nafsi iliyotoka darasani ikaingia karakana.

Na haja hiyo haikwisha pamoja na vita. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yao ya mwaka 2022, yalikadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea ulimwenguni kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Nyuma ya hesabu hiyo yupo dereva asiyelala, muuguzi wa zamu ya usiku aliyechoka moyo, na kibarua anayeficha huzuni yake asije akaachishwa kazi. Je, ni haki mwenye elimu ya kuwafaa watu hawa akae barazani akingoja barua ya ajira, na wao wakae na mateso yao?

Wako wanaosema kwamba chuo kikuu ni mahali pa kutafuta elimu, wala si kiwanda cha kutengeneza makarani. Neno hilo lina ukweli wake, nasi hatupendi elimu igeuzwe bidhaa ya soko. Hata hivyo, kumtayarisha kijana kwa maisha hakuipunguzii elimu heshima yake. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kwa masomo ya shahada ya kwanza, kiliweka shabaha tano; maandalizi ya kazi yalikuwa mojawapo, yakikaa bega kwa bega na maarifa, uchunguzi wa kisayansi, maadili na ufasaha wa kujieleza. Hakuna aliyesema kwamba kwa hiyo sayansi imeuzwa.

Wala sisi hatukungoja kufundishwa hayo na wageni. Mwalimu Nyerere aliyaeleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na taabu zake, na leo haupo tena. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kukaa na watu kazini aliingia darasani na maswali yake mwenyewe.

Kwa hiyo twatoa mashauri yetu. Vyuo viyape uzito mafunzo ya vitendo: mwanafunzi wa saikolojia apelekwe shuleni, hospitalini, kiwandani na kituo cha mabasi, akiwa na msimamizi wa kweli, wala asiachwe apige mihuri ya karatasi na kuchemsha chai. Mitihani imtake aandike taarifa ambayo msimamizi wa karakana aweza kuisoma na kuifuata, tena kwa Kiswahili, maana mgonjwa na kibarua hawaelezi machungu yao kwa lugha ya vitabu. Waajiri, na Serikali ikiwa mbele, watenge nafasi za kazi zinazotaja elimu hii kwa jina. Vyama vya wafanyakazi navyo viidai katika mikataba ya hali bora, kama vinavyodai kofia ngumu na glavu.

Nawe ndugu mwanafunzi, usijidanganye kwamba cheti kitakusemea. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tukumbuke nani analipa. Mzazi anauza mazao yake. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa Serikali anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016. Na asiyepata kazi anabaki na deni. Fedha iliyomsomesha ni jasho la wakulima na wafanyakazi. Wana haki ya kuuliza matunda yake, na vyuo vina wajibu wa kuwajibu.