Mazungumzo ya Mwalimu: Samaki wa Juu ya Maji



Mwanafunzi mmoja wa hapa Bunia ameniuliza neno ambalo huenda wazazi wengine wataliona dogo. Asema kwamba darasa lao lina sanduku la kioo la kufugia samaki, nao wataka kutia ndani yake samaki wakaao juu juu ya maji, kwa kuwa hao huonekana vizuri na tena hula viluwiluwi vya mbu. Je, ni samaki gani wawezao kukaa pamoja bila kudhuriana?

Swali hili si dogo. Mimi mwenyewe nililikosea zamani kidogo, na kosa langu lilimletea mtoto mmoja aibu asiyostahili. Kwa hiyo nitaanza na kisa hicho, ndipo nitoe jibu.

Wanafunzi wangu walichanga fedha kidogo kidogo, tukanunua vioo, na fundi akatuungia sanduku la lita sitini hivi. Jumamosi moja tulishuka kwenye kijito nje ya mji, tukanasa kwa kitambaa samaki wadogo ishirini, wasiozidi urefu wa kidole cha mwisho, wenye jicho ling'aalo kama taa. Huogelea kwa kundi, chini kidogo ya uso wa maji. Watoto waliwapenda mno.

Juma lililofuata mgeni aliyetoka Kisangani alituletea katika bidoni samaki wawili wa namna nyingine. Wataalamu huwaita Pantodon, na wengi huwaita samaki-kipepeo kwa sababu ya mapezi yao mapana. Hupatikana katika bonde la Kongo na katika Afrika ya Magharibi. Hao walikuwa wakubwa kuliko wale wa kwanza, urefu wa kidole cha kati, na walikaa juu ya maji kimya kabisa, kama majani makavu mawili. Tukasema: hawa ni wa juu, na wale ni wa juu; basi ni majirani. Tukawatia pamoja.

Baada ya siku tatu samaki wetu wadogo wakaanza kupungua. Walikuwa ishirini, wakawa kumi na saba, kisha kumi na wawili. Mzoga haukuonekana hata mmoja. Watoto wakasema, "Kuna mwizi." Macho yote yakamgeukia mvulana mmoja aliyeingia darasani katikati ya mwaka, ambaye jamaa yake walikimbia vita kijijini kwao na kukaa katika kambi pembeni mwa mji. Yeye ndiye aliyefika mapema kila asubuhi, akasimama mbele ya sanduku lile. Mmoja alisema kwamba huwachukua akawapike. Nami, mwalimu, nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza. Akajibu, "Mwalimu, mimi nawatazama tu." Sikumsadiki. Nikamkataza asilikaribie sanduku.

Jioni ile nilibaki darasani kusahihisha madaftari mpaka jua likazama. Nikasikia maji yakilia chubwi! Kutazama, naona mmoja wa wale wawili wakimya ana mkia wa samaki mdogo ukitokeza kinywani. Nikasogeza kabati, nikakuta sakafuni samaki watatu waliokauka, maana sanduku halikuwa na kifuniko, nao walikuwa wameruka nje. Basi wezi wetu walikuwa wawili: kinywa kipana na sanduku lililo wazi. Na aliyewafungulia mlango ni mimi.

Kesho yake niliwaeleza watoto yote niliyoyaona, nikamwomba radhi yule mvulana mbele ya darasa zima, kama nilivyomshitaki mbele ya darasa zima. Wazee walisema kweli: umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Naye hakusema mengi, aliuliza tu, "Sasa hao wawili, Mwalimu, tutawalisha nini?" Tukawapa chombo chao peke yao, naye akawa mtunzaji wao.

Sasa nijibu swali. Kukaa mahali pamoja si kupatana. Samaki wa juu ya maji wote wana alama moja: mgongo ulionyooka na kinywa kielekeacho juu, ili wadake sisimizi, mbu na kumbikumbi waangukao majini. Lakini upana wa kinywa hutofautiana, na tabia hutofautiana. Kabla ya kuwaunganisha, chunguzeni mambo haya.

Kwanza, kinywa. Samaki awezaye kuingia katika kinywa cha mwenzake, siku moja ataingia. Msidanganywe na upole wake mchana. Wengi huwinda magharibi na alfajiri. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Samaki-kipepeo asikae na samaki mdogo yeyote wa juu. Akae na wakubwa kiasi chake, wale wapendao katikati au chini.

Pili, tabia. Wale wadogo wenye jicho la taa ni watu wa kundi: wasiwe chini ya wanane au kumi, maana wachache huogopa, wakajificha na kukonda. Katika vijito vya misitu ya Kongo kuna pia jamaa ya Epiplatys, wembamba, wenye kinywa kilichochongoka. Hao waweza kukaa na wenzao wasiomezeka, lakini madume wawili katika sanduku dogo hupigana. Yatosha dume mmoja na majike wawili au watatu, na magugu yaeleayo juu ya maji, ili anayefukuzwa apate pa kujificha.

Tatu, maji. Bunia ipo juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wetu una baridi. Ziwa Albert lipo chini sana, kiasi cha mita 620, na maji yake ni ya vuguvugu. Samaki wa kijito cha karibu amezoea ubaridi wetu. Yule wa Kasenyi au Tchomia hakuuzoea. Hata muziri, yule samaki mdogo wa ziwa letu aliye kama sindano ya fedha, ni wa maji mapana na makundi makubwa, msimfunge kiooni. Maji ya bomba yenye dawa yakae ndooni siku nzima kabla ya kutiwa, na kila juma mbadilishe robo tu, si yote.

Nne, nafasi. Sanduku ni kama nyumba ya ghorofa tatu. Wote wakiwa juu, watagombania chakula na pumzi, huku katikati na chini pakiwa patupu. Wawekeni juu kundi moja, katikati samaki wadogo wengine watulivu. Kambale msimtie kabisa, hata akiwa mdogo kama kidole. Atakua, na wenzake wataisha. Vivyo hivyo tilapia mchanga.

Tano, kifuniko. Samaki wa juu ni warukaji. Pungueni maji vidole vinne, kisha funikeni kwa kipande cha chandarua kilichovutwa vizuri, hewa ipite.

Labda mtu atasema: mambo ya sanduku la watoto yana faida gani kwetu sisi wakubwa? Nami namjibu kwamba watu wakubwa wamefanya kosa langu lile lile, tena katika ziwa zima. Katika Ziwa Albert, samaki mkubwa tumwitaye kapiteni, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, ameishi na muziri na wengineo tangu kale. Kila mmoja amejua kimbilio lake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kapiteni alichukuliwa, hasa kutoka ziwa letu hili, akatiwa katika Ziwa Victoria. Huko palikuwa na samaki wadogo waitwao furu, aina mia kadha, ambao hawakuwa wamejua kinywa kama kile. Ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi sana zilikuwa zimetoweka. Uchafu wa maji ulisaidia uharibifu, lakini kinywa kile kilifanya kazi kubwa. Ni kweli kwamba wengi walipata biashara ya minofu. Lakini furu waliopotea hawatarudi.

Kwa upande mwingine, mwishoni mwa miaka ya 1950 samaki wadogo kutoka Tanganyika walitiwa katika Ziwa Kivu. Ndio sambaza wa leo, walishao watu wa Bukavu na Goma. Huko hapakuwa na samaki wa kukaa katika maji ya wazi, kwa hiyo mgeni alipata chumba kitupu. Ingawa hivyo, vidudu vya maji anavyovila vilipungua.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, neno la mwisho ni hili: mkichoka na samaki wenu, msiwamwage katika mto wowote ulio karibu. Fikirini jinsi nchi yetu ilivyopangwa. Maji yatelemkayo mashariki ya milima yetu huingia Ziwa Albert, na kutoka huko huenda Nili hata Misri. Lakini mto Shari, ulio jirani na Bunia, huingia Ituri, na Ituri huenda Aruwimi, kisha Kongo hata bahari ya magharibi. Bidoni moja ya mtoto yaweza kuwavusha samaki mlima ambao wenyewe hawakuuvuka tangu kuumbwa. Samaki wa kijito mrudisheni katika kijito kile kile. Wa mbali mpeni mtu atakayemtunza.

Masimulizi ya Wakristu wa zamani yasema kwamba Mtakatifu Antoni wa Padua, watu wa Rimini walipokataa kumsikiliza, aliwahubiria samaki. Nao wakajipanga: wadogo mbele karibu na ufuko, wa kiasi nyuma yao, wakubwa katika kilindi, na hakuna aliyemdhuru mwenzake. Sanduku letu halina mtakatifu wa kulipanga, lina ninyi. Tazameni kinywa kabla ya kumkaribisha mgeni. Na samaki wakipungua, tafuteni majini na nyuma ya kabati kabla ya kumtazama mwenzenu usoni.

Nawaaga kwa amani ya Kristu.

Mwalimu wenu.