Thamani ya mchezaji si bei ya jana

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ilinijia akilini mwanzoni mwa mwaka wa 2026, mpwa wangu anayesomea uhasibu katika jimbo la Georgia, Marekani, aliponipigia simu usiku wa manane. Baada ya salamu na habari za nyumbani, aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, nimnunue tena Acuña au nimwachilie mbali?" Nilidhani anazungumzia gari kuukuu. Kumbe alikuwa anamzungumzia binadamu.

Binadamu huyo ni Ronald Acuña Jr., mzaliwa wa La Guaira nchini Venezuela, anayechezea timu ya besiboli ya Atlanta Braves. Timu yake inapolinda, yeye husimama upande wa kulia wa uwanja wa nje, kule mbali ambako mipira iliyopigwa juu hutua. Mpwa wangu hana hisa hata moja katika timu hiyo. Alichonacho ni timu ya kubuni, ile ambayo vijana huiita fantasi.

Wanafunzi wengi wanaosoma safu hii wanaufahamu mchezo wa aina hiyo kupitia kandanda ya Uingereza, ambapo kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kufikirika ili ateue wachezaji 15. Ule wa besiboli ni wa zamani zaidi. Mwaka wa 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake waliuasisi katika sura yake inayojulikana leo, wakaupa jina la mkahawa mmoja wa New York walikokutania, La Rôtisserie Française. Maadamu neno hilo la Kifaransa hutaja mahali pa kuokea nyama, sisi Wakenya tungekuwa na haki ya kuuita mchezo wa nyama choma.

Kanuni zake si ngumu. Kila mshiriki huwa na dola 260 za kufikirika na hununua wachezaji 23 mnadani. Wapigaji hupimwa kwa mambo matano: wastani wa mapigo, mapigo yanayovuka ukuta, idadi ya wakimbiaji waliofika nyumbani kutokana na mapigo yao, mara ambazo wao wenyewe wamekamilisha mzunguko, na vituo walivyoiba, yaani kukimbia hadi kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe. Anachofanya mchezaji halisi uwanjani ndicho kinachompa alama mmiliki wa kubuni. Dola 260 ni za kufikirika, lakini ada ya kuingia ni ya kweli. Mpwa wangu huitoa katika fedha alizoweka kando za kununulia vitabu, na hapo ndipo suala hili lilipoacha kuwa mchezo kwangu.

Ili tuielewe hofu yake, tuanze na mwaka wa 2023. Mwaka huo Acuña alicheza michezo 159. Kati ya kila majaribio 1,000 ya kupiga, kwa kipimo cha wastani, alifanikiwa mara 337. Alivusha mipira 41 nje ya ukuta, akaiba vituo 73, akakamilisha mzunguko mara 149, na mapigo yake yakaleta mizunguko 106. Hakuna mchezaji mwingine katika historia ya ligi kuu aliyekuwa amepata mapigo 40 ya kuvuka ukuta na vituo 70 vya kuiba katika msimu mmoja. Aliteuliwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa bila kupingwa na mpiga kura hata mmoja. Hapana ajabu, basi, kwamba mwaka wa 2024 wamiliki wa kubuni walimgombania kama maji jangwani, mpwa wangu akiwa miongoni mwao.

Tarehe 26 Mei 2024, mjini Pittsburgh, Acuña alianza kukimbia kutoka kituo cha pili, akageuka ili arudi, na goti la kushoto likamsaliti. Hakuna aliyemgusa. Ukano wa mbele wa goti ulikuwa umekatika, na msimu wake ukaishia kwenye michezo 49. Ukano kama huo wa goti la kulia ulikuwa umekatika tarehe 10 Julai 2021 kule Miami, aliporuka kuudaka mpira karibu na ukuta. Alirejea uwanjani tarehe 23 Mei 2025, akaupiga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa ukavuka ukuta. Katika michezo 95 ya mwaka huo alipata wastani wa 290 kwa 1,000, mapigo 21 ya kuvuka ukuta, lakini vituo tisa tu vya kuiba.

Mpwa wangu akanieleza hoja yake kwa ari. Baada ya kuumia mara ya kwanza, alisema, Acuña alirudi kwa unyonge mwaka wa 2022, halafu mwaka wa 2023 akalipuka. Sasa amerudi mwaka wa 2025. Bila shaka mwaka wa 2026 atalipuka tena. Hoja hii ina mvuto wa hadithi nzuri, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwaka wa 2022, katika michezo 119, Acuña alivusha mipira 15 tu ila aliiba vituo 29. Miguu ilikuwa imerudi, nguvu za kupiga zikachelewa. Mwaka wa 2025 mambo yalipinduka: nguvu za kupiga zilirudi siku ya kwanza, miguu ndiyo iliyosita. Marejeo mawili yanayotofautiana kiasi hicho hayawezi kutumiwa kama kielelezo kimoja. Isitoshe, wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye goti moja lililoshonwa. Wa pili alitimiza miaka 28 mwezi wa Desemba 2025, na magoti yote mawili yamepitia kisu cha daktari.

Hapa niruhusuni niingie uwanja wangu. Takwimu zote huzungumza kwa kiambishi -li-: alipiga, alikimbia, aliiba. Mnada nao huuliza kwa -ta-: atapiga vingapi, ataiba vingapi? Kosa la mpwa wangu, na la wengi wetu, ni kudhani kwamba ukiibandua -li- na kuibandika -ta- umefanya utabiri. Jibu la kweli huanza kwa -ki-, kiambishi cha masharti: akicheza michezo mingi, goti likimruhusu, kocha akimwachia akimbie.

Wako waliojaribu kulijibu swali hili kwa hesabu. Njia moja nyepesi, ambayo mtakwimu anayejulikana kwa jina la Tom Tango aliiita Marcel kwa kuwa hata tumbili angeweza kuitumia, huchukua misimu mitatu ya mwisho ya mpigaji na kuipa uzito wa tano, nne na tatu, ule wa karibuni ukipewa uzito mkubwa zaidi. Kisha matokeo husogezwa kuelekea wastani wa ligi na kurekebishwa kwa umri. Nilichukua kalamu nikaifanya hatua ya kwanza peke yake. Kwa michezo 150, misimu ya 2023 hadi 2025 inampa Acuña mapigo 32 ya kuvuka ukuta na vituo 43 vya kuiba. Kisha nikakokotoa kwa mwendo wa mwaka wa 2025 pekee: mapigo 33 na vituo 14.

Msomaji aitazame tofauti hiyo kwa makini. Kuhusu mapigo, njia zote mbili zinakubaliana. Kuhusu vituo, moja inasema 43 na nyingine 14. Ya kwanza haijui kwamba kati ya 2023 na 2025 kuna goti lililokatika. Inaona tarakimu tu. Kwa hiyo mashaka yote kuhusu Acuña hayakutapakaa kila mahali. Yamekusanyika miguuni.

Yapo mashaka ya pili, nayo ni ya hiyo michezo 150 yenyewe. Kuanzia 2021 hadi 2025 Acuña alicheza michezo 504 kati ya 810 iliyowezekana, yaani takriban 101 kwa mwaka. Tangu aingie ligi kuu mwaka wa 2018 amevuka michezo 150 mara mbili tu, mwaka wa 2019 na 2023. Mwenye kumlipia michezo 150 ananunua mbuzi kwenye gunia.

Lakini je, thamani yenyewe ni nini? Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba thamani ya neno haimo ndani ya neno lenyewe. Hutokana na tofauti kati yake na maneno mengine katika mfumo uleule. Wauzaji wa fantasi wanafuata kanuni hiyo bila kujua. Katika ligi ya washiriki 12, kila mmoja akihitaji wachezaji watano wa uwanja wa nje, watanunuliwa 60. Thamani ya Acuña ni kile anachomzidi yule wa 61 anayebaki bila mnunuzi. Jumla ya mapigo yake peke yake haitoshi kuitaja.

Ukibadilisha mfumo, thamani hubadilika hata kama mtu hajabadilika. Mwaka wa 2023 wakuu wa besiboli walipanua vituo kutoka inchi 15 hadi 18, na wakampunguzia mrushaji mpira nafasi za kuacha kurusha ili amrudishe mkimbiaji kituoni. Vituo vilivyoibwa katika ligi nzima vikapanda kutoka 2,486 mwaka wa 2022 hadi 3,503. Hapana shaka Acuña alifaidika. Hata hivyo, bidhaa iliyokuwa adimu ilianza kupatikana kwa wengi, na kila kituo kikapungua thamani. Vituo 73 vingekuwa hazina kubwa zaidi katika ulimwengu wa 2022.

Kwa msingi huo nilimpa mpwa wangu makadirio yangu ya msimu wa 2026: michezo 125 hivi, mapigo kama 27 ya kuvuka ukuta, wastani unaokaribia 285 kwa 1,000, na vituo kati ya 12 na 20. Huyo bado ni mchezaji wa daraja la juu. Ila si yule wa 2023, na asilipiwe bei ya yule. "Nunua gongo," nilimwambia, "miguu iwe nyongeza. Wenzako wakipita dola 35, nyamaza." Akaniuliza itakuwaje akilipuka tena. Nikamjibu kwamba kukosea kwa bei nzuri si sawa na kukosea kwa bei mbaya.

Liko jambo moja lililonikera hata baada ya hesabu zote hizo. Mwaka wa 2014 Acuña, akiwa na umri wa miaka 16, alitia saini mkataba wake wa kwanza kwa dola 100,000. Mwezi wa Aprili 2019 alitia saini mwingine wa miaka minane na dola milioni 100, na mkataba huo haukufutika goti lilipokatika. Lakini goti lile lilipokatika mwaka wa 2024, maneno ya kwanza ya mpwa wangu yalikuwa, "Mjomba, nimekwisha!" Aliyekwisha ni nani? Mmoja alikuwa anakabiliwa na miezi ya kujifunza upya kutembea na kukimbia. Mwingine alikuwa amepoteza ada ya mchezo. Lugha yetu ina hekima ya kutenga bei na thamani, ingawa maneno yote mawili tuliyapata kwa Waarabu. Kisha ikaongeza neno la tatu, utu, ambalo haliingii mnadani.

Nayaandika haya kwa walimu wenzangu kwa sababu nasi huendesha minada yetu. Mwanafunzi aliyeng'aa katika mtihani mmoja tunamtangazia udaktari. Aliyeanguka baada ya mwaka wa ugonjwa au msiba tunamwandikia ripoti kana kwamba maisha yake yote ni muhula ule. Tunaibandua -li- na kubandika -ta-. Haki ingetutaka tuitazame miaka kadhaa, tuulize ni nini hasa kilichoteguka na ni nini kilicho salama, kisha tuseme kwa -ki-: akipata vitabu, akipona, akisaidiwa.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho. Kabla ya kukata simu alisema, "Sawa mjomba, dola 35 ndio mwisho. Na ada ya mwaka huu nitaitoa katika mshahara wa kibarua changu, si katika fedha za vitabu." Sijui kama atamnunua Acuña. Nililala vyema usiku ule.